Kabichi ikingoja maji: Siku ya mfanyabiashara wa Vanga katika msitu wa Magamba

LUSHOTO, TANGA. Saa 12 na nusu asubuhi ukungu bado umelala juu ya mabati ya mji wa Lushoto. Karibu na stendi limeegeshwa Fuso tupu, turubai likiwa limekunjwa nyuma, na dereva amejifunika blanketi kwenye kiti cha mbele. Pembeni yake amesimama mwanamke mwenye umri wa miaka 51, sweta juu ya dera, simu mkononi. Gari amelikodi yeye. Lilipaswa kuwa limejaa tangu jana jioni.

Ni mwenyeji wa Vanga, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, na kwa miaka mingi amekuwa akiuza mboga katika soko la Kongowea, Mombasa. Wiki iliyopita alituma arbuni ya shilingi laki tano za Tanzania kwa mkulima mmoja mzee wa chini ya Magamba, kwa ajili ya kabichi. Amefika na gari, mzee anamwambia kabichi hazijafunga vizuri. Anaomba siku tatu zaidi.

Kila anayefanya biashara hii anajua siku tatu maana yake nini. Gari linahesabu siku limesimama au linatembea. Wateja wa Kongowea hawangoji. Wakikosa kwako leo, kesho wana mtu mwingine. Na Soni, chini kidogo ya mlima, kuna dalali aliyekwishampigia simu mara mbili usiku: kabichi anazo, zimekomaa, ila bei yake imepanda kwa kuwa anajua mama ana gari tupu.

Njia zilikuwa mbili. Adai arbuni yake, anunue kwa dalali na kuvunja urafiki wa misimu sita. Au angoje na ale hasara. Mzee hakumbembeleza sana. Alimwomba jambo moja tu: kabla ya kuamua, apande akaone maji. Mjukuu wake, kijana anayeongoza wageni msituni, angempitia asubuhi.

Ndivyo ilivyotokea kwamba mama huyu, ambaye kwa misimu sita Lushoto yake ilikuwa stendi, gesti na mizani, alipata siku yake ya kwanza ya kuutazama mlima.

Njia ya kupanda

Wafanyabiashara wengi wa Kenya huifikia Lushoto kwa njia mbili. Wa Mombasa na Kwale huvuka Lunga Lunga na Horohoro, wakashuka Tanga, Muheza, Segera na Korogwe hadi Mombo. Wa Taveta na Voi huvuka Holili, wakapita Himo na Same kuja Mombo kutoka upande wa pili. Wote hukutana hapo, kwenye joto la tambarare, ambapo wauza machungwa na karanga hukimbilia kila basi linalosimama.

Kutoka Mombo barabara ya lami hupanda zaidi ya kilomita 30. Upande mmoja ni mwamba, upande mwingine ni korongo, na kona ni nyingi kiasi kwamba utingo mzoefu huweka jiwe mfukoni mwa mlango kwa ajili ya tairi. Katikati ya safari kuna Soni, penye maporomoko ya maji yanayoonekana barabarani na soko la mboga lisilolala. Ukifika Lushoto umepanda hadi kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Feni haina kazi huko. Mtu wa pwani aliyekuja na shati jepesi mwezi wa sita au wa saba huikumbuka safari hiyo.

Njia hiyo ya milimani ndiyo inayoifanya kabichi iwe kabichi. Baridi na maji ya mwaka mzima vimeifanya Usambara Magharibi kuwa bustani ya kabichi, karoti, viazi mviringo, njegere, letisi na pilipili hoho, na pia ya matunda ambayo pwani hayaoti: plamu, peasi na pichi. Mboga hizo huliwa Tanga, Dar es Salaam na Mombasa.

Ndani ya Magamba

Kijana alifika na bodaboda mbili. Akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba mwanangu, kisha akamuuliza swali la kwanza la mfanyabiashara: huko juu ni bei gani?

Kiingilio hulipwa kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, ambao ndio wanaosimamia Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba. Malipo hufanyika kwa namba ya malipo ya Serikali, kwa simu, na risiti hutolewa. Kijana alimkumbusha aonyeshe hati yake ya kusafiria, kwa sababu kiwango cha mgeni wa mbali na cha jirani wa Afrika Mashariki havilingani. Mama, ambaye mpakani amezoea kuhesabu kila stakabadhi, aliisoma risiti mara mbili na kuitia kwenye mkoba pamoja na karatasi za mzigo.

Hatua ishirini ndani ya msitu, jua likazimika. Miti ya hapa ni mirefu, mashina yake yamevikwa kuvumwani, na matawi yananing'iniza nyuzi za kijivu kama ndevu za mzee. Chini ni majani makubwa ya mkangaga, mengine yakiwa na shina refu kama mnazi mchanga. Njia ni laini na yenye utelezi hata mwishoni mwa Septemba, kabla ya vuli. Mama alivua kandambili, akavaa viatu vya mpira alivyoazimwa na wenyeji wa gesti.

Kijana alisimama kwenye mkulo. Huu ni mti mkubwa ambao wataalamu wameupa jina la milima hii, Ocotea usambarensis. Ukichubua gamba lake kidogo unanukia kafuri. Mbao yake ni ngumu, haishambuliwi upesi na wadudu, na kwa miaka mingi ilitafutwa na mafundi wa samani wa mijini. Ndiyo iliyouponza. Leo ndani ya hifadhi hairuhusiwi kukata mti, na mkulo hujifufua taratibu kwa machipukizi yanayotoka kwenye mizizi ya mama aliyeangushwa.

Biashara ya mbao hapa ina historia ndefu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walijenga njia ya kamba za chuma zilizoning'inia hewani kutoka msitu wa Shume, juu ya mlima, hadi Mkumbara, chini kwenye reli ya Usambara. Reli hiyo ilitoka bandari ya Tanga na ilikwishafika Mombo mwaka 1905. Magogo ya mierezi yalining'inizwa juu ya makorongo, yakashuka, yakapakiwa, yakaenda baharini. Mama aliposikia hayo aliuliza walikuwa wakilipa ushuru kwa nani. Kijana akacheka hadi akashika mti.

Juu yao kima walikuwa wakirukaruka. Baadaye walitokea mbega, weusi kwa weupe, mikia yao mirefu ikining'inia kama shela. Kwenye kichaka kijana alionyesha kinyonga mwenye pembe mbili puani. Vinyonga wa aina hii ni wa Usambara Magharibi. Huwezi kuwakuta Taita wala Uluguru.

Sababu yake ni ya zamani mno. Usambara ni kiungo kimoja cha mnyororo wa milima unaoitwa Tao la Mashariki. Mnyororo huo unaanzia Milima ya Taita nchini Kenya, unapita Pare, Usambara, Nguu na Uluguru hadi Udzungwa nchini Tanzania. Upepo wa Bahari ya Hindi ukigonga milima hii huacha mvua na ukungu. Kwa mamilioni ya miaka misitu yake imebaki na unyevu wakati tambarare zinazoizunguka zikikauka, na kila mlima ukawa kama kisiwa. Mimea na viumbe vikajitengenezea maumbo yao. Ua dogo la urujuani ambalo leo huuzwa kwenye vyungu katika maduka ya Ulaya na Marekani lilitoka katika misitu ya eneo hili. Afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilituma kwao mwaka 1892, likapewa jina lake, Saintpaulia. Wakulima wa maua wa mbali wamelipatia faida kwa zaidi ya miaka mia moja. Huku kwao huota kwenye mawe yenye kivuli, na kivuli hicho kikikatwa nalo hufa.

Lakini zaidi ya theluthi mbili ya msitu wa asili wa Tao la Mashariki imekwishatoweka, kwa mashamba, mbao, kuni na moto. Kilichobaki Usambara Magharibi ni vipande, na Magamba ni kimojawapo cha vikubwa.

Mto ulio na majina mawili ya uraia

Baada ya mwendo wa saa mbili walitokea kwenye ukingo ulio wazi. Hapo mlima unazidi mita 2,000, na upepo ulimfanya mama ajifunge kanga kichwani. Mabonde yalionekana yakifuatana, kila moja likiwa na mstari wa kijani kibichi chini na udongo mwekundu kando.

Kijana alinyoosha mkono kaskazini, upande wa Mlalo na Mtae. Huko, alisema, kuna msitu mwingine unaoitwa Shagayu, na humo ndimo unamoanzia Mto Umba.

Mama alimtazama. Umba gani?

Ni Umba huo huo. Unaanzia milimani Lushoto, unateremka tambarare za Mkinga, unavuka mpaka bila hati yoyote na kuingia Kwale, kisha unamwaga maji yake baharini Vanga. Ndio mto ambao watu wa Vanga na Jego hulima mpunga kando yake, na ambao mvua kubwa ikinyesha milimani Tanzania huingia majumbani mwa watu Kenya hata kama Vanga kwenyewe hakujanyesha. Mama huyu aliogelea ndani yake utotoni. Aliwahi kubeba godoro kichwani usiku kwa ajili yake. Siku zote alijua unatoka "bara". Hakuwahi kufikiri kwamba bara hiyo ni hapa anaponunulia kabichi.

Alikaa kwenye jiwe kwa muda, akala muhogo wa kuchoma aliokuja nao, akamkatia kijana nusu.

Zamu ya maji

Njia ya kushuka iliwatoa msituni karibu na chanzo cha kijito. Maji yanatoka chini ya mizizi, meupe na ya baridi, kiasi cha kujaza ndoo kwa muda mfupi. Kijana alieleza kwamba wakati wa masika huwezi kuvuka hapa bila kuloa magoti. Mwezi huu wa tisa unaruka kwa hatua moja.

Kutoka hapo maji huingia kwenye mfereji wa udongo, yakapita shamba hadi shamba. Usiku hukusanywa kwenye bwawa dogo, na asubuhi hufunguliwa. Majirani zao Wapare huliita bwawa la namna hiyo ndiva. Kila mkulima ana zamu yake. Maji yakiwa mengi, zamu hurudi upesi. Yakipungua, zamu hurefuka, na kabichi iliyokuwa ifunge wiki hii hufunga wiki ijayo.

Mzee alikuwa akimngoja kwenye tuta, kofia mkononi. Wakaamkiana kwa kirefu, kuulizana nyumbani, watoto, safari, mpaka. Hakuna aliyegusia fedha. Kisha mzee akainama, akaibonyeza kabichi moja kwa vidole, ikabonyea. Akambonyezesha na yeye. Kila mchuuzi wa Kongowea anajua kabichi ya hivyo: ukiipakia leo, itafika imelegea na itauzwa kwa bei ya majani.

Zamu yake ya maji ilichelewa, mzee alisema. Miaka ya nyuma, mwezi huu, kijito kilitosha wote. Lakini upande wa juu, nje ya mpaka wa hifadhi, vijana wamefyeka kivuli kilichokuwa juu ya chemchemi moja ili walime viazi. Chemchemi hiyo sasa hukauka kila kiangazi. Viazi waliuza, na kwa bei nzuri. Waliokuwa chini wamepoteza zamu mbili.

Washambaa wana maneno mawili ya mambo haya, na mzee aliyasema kwa utulivu. Kuna kuzifya shi, kuiponya nchi, na kuna kubana shi, kuiharibu nchi. Zamani maneno hayo yalihusu wafalme: mfalme mwenye nguvu na mwafaka na watu wake huleta mvua na shibe, wafalme wakigombana, njaa huingia. Leo, kwa mzee, mwenye panga na mwenye fedha za kununua wote wanaweza kuiponya au kuibana.

Hakumlaumu mnunuzi. Ila alimweleza kitu ambacho wafanyabiashara wengi hawakisikii wakiwa kwenye mizani: wanunuzi wakija na kulipia chochote kilicholimwa popote, mwenye kufyeka chemchemi na mwenye kuilinda hupata bei moja.

Wazee wa hapa wanakumbuka pia kwamba nchi haiponywi kwa amri peke yake. Baada ya Vita vya Pili, Waingereza walileta mpango wa kuhifadhi udongo Usambara, wakilazimisha watu kulima kwa matuta. Kazi ilikuwa nzito, faini zilikuwa nyingi, na wananchi waliona wanahudumia sheria ambayo haikuwajazia chungu. Walipinga hadi mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Leo matuta na majani ya kuzuia mmomonyoko yanaonekana kwenye mashamba mengi, yakiwa yamewekwa na watu wenyewe walipoona faida yake.

Kutoka Irente hadi mjini

Mama hakutoa jibu shambani. Alisema atafikiri, akaomba simu yake ichajiwe, na kwa kuwa mchana ulikuwa bado mrefu, kijana akampeleka Irente.

Irente ni ukingo wa mlima upande wa kusini magharibi mwa mji. Watu hutembea kwa miguu katikati ya mashamba na miti, au hupanda bodaboda. Njiani kuna shamba la Kanisa la Kilutheri ambako huuzwa jibini, jemu na mkate. Kisha ghafla nchi inakatika. Chini, karibu mita elfu moja, kuna Mazinde, mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari, barabara kuu na malori madogo kama siafu, na baada ya hapo nyika ya Wamasai hadi macho yanapochoka.

Kwa mfanyabiashara, mandhari hii inasomeka kama daftari. Barabara ile inafuata bonde ambalo misafara ya karne ya 19 ilipita ikitoka Pangani kwenda bara. Ufalme wa Washambaa wenyewe, kwa simulizi za wenyeji, ulianza na kubadilishana: mwindaji aitwaye Mbegha alitoka Ngulu, akaua nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba, akawapa watu nyama nao wakampa chakula cha shambani, hadi wakamfanya mfalme. Katika karne ya 19 mtawala Kimweri ye Nyumbai alikaa Vugha, juu ya mlima, na mamlaka yake yakashuka hadi pwani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, alimtembelea mwaka 1848. Kimweri alipofariki, mwanawe Semboja aliyekaa Mazinde, hapo chini kwenye njia ya misafara, alikuwa na kitu ambacho Vugha haikuwa nacho: biashara ya bunduki. Ugomvi uliofuata uliuvunja ufalme. Aliyekuwa na barabara alimshinda aliyekuwa na mvua.

Saa 10 alasiri walikuwa wamerudi mjini. Lushoto ni mji wa kutembea kwa nusu saa. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, Bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao, na maofisa wao walipanda huku kukwepa joto la pwani. Baadhi ya majengo yao ya mawe na vigae bado yapo, yakitumika. Kuna makanisa na msikiti, Chuo cha Uongozi wa Mahakama, maduka ya vitenge, na soko ambalo mafungu ya plamu hupangwa kwa mkono kana kwamba ni shanga. Mama alinunua plamu za wajukuu, akapunguziwa, akaongezewa mbili, akaridhika.

Hapo sokoni aliona pia yale yanayomuudhi kila safari: magunia yaliyoshonewa kilemba, yale yanayoitwa lumbesa. Sheria ya vipimo ya Tanzania inaweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia la mazao. Lumbesa hulipwa kama gunia moja, na hasara ni ya mkulima. Mnunuzi huiona kama faida hadi anapofika mpakani au kwenye mizani ya barabarani na uzito ukakataa kusema uongo.

Uamuzi

Saa 11 jioni alimpigia mzee. Hakudai arbuni. Alimuuliza kama kuna majirani ambao zamu yao ya maji ilitangulia.

Wapo wawili, mzee akasema, na kabichi zao zimefunga. Mazungumzo yalichukua muda wa vikombe viwili vya chai. Mwafaka ukawa hivi: majirani wampe kabichi zao leo kwa bei iliyokubaliwa na mzee, pamoja na nyongeza ndogo kwa kila moja, arbuni ya mama ihesabiwe humo, na kabichi za mzee zikikomaa, mzee awarudishie majirani mzigo wao. Nafasi iliyobaki kwenye gari ijazwe karoti, kwa mizani, bila kilemba. Nyongeza aliyotoa ilikuwa pungufu ya ile aliyoitaka dalali wa Soni, na kubwa kuliko alivyopanga alipotoka Mombasa.

Aliweka na sharti moja. Msimu ujao atanunua kwa wenye mfereji huu peke yao, mradi chemchemi iliyofyekwa ipandwe miti na iachwe. Mzee alimwambia hawezi kuahidi kwa niaba ya vijana, ila atalipeleka kwenye kikao cha maji na jina la mnunuzi litatajwa. Kama watakubali bado haijulikani. Viazi navyo vina wanunuzi wake.

Upakiaji ulianza jioni, kama kawaida ya mboga, ili zisafiri na ubaridi wa usiku. Kabichi zilihesabiwa moja moja, mtu mmoja chini akirusha, mwingine juu akidaka, wa tatu akiimba hesabu. Saa 3 usiku turubai likafungwa.

Kabla gari halijaondoka mama alipiga simu Vanga, kwa kaka yake. Hakumuuliza habari za soko. Alimuuliza mto ukoje.

Umeshuka sana, kaka akajibu, wanangoja mvua. Kisha naye akauliza: kwani huko uliko kuna nini na mto?

Kwa anayetaka kwenda

Hati: Raia wa Kenya anayeingia Tanzania anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, kitambulisho cha taifa peke yake hakitoshi. Vituo vya Horohoro na Lunga Lunga, na Holili na Taveta, hutoa huduma za pande zote mbili mahali pamoja.

Mzigo: Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, zinaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani. Cheti hicho hakiondoi haja ya cheti cha afya ya mimea kwa mboga na matunda. Kishughulikie kabla ya kupakia, si baada ya kufika foleni.

Msitu: Lipa kiingilio kwa namba ya malipo ya Serikali na udai risiti. Chukua mwongozaji, njia za Magamba zinafanana na ukungu hushuka ghafla. Asubuhi ni bora kuliko alasiri.

Mavazi: Viatu vyenye kushika, sweta na koti la mvua. Juni hadi Agosti ni baridi kali kwa mtu wa pwani. Masika, Machi hadi Mei, njia huteleza.

Muda: Msitu asubuhi, Irente mchana na soko jioni hutosha siku moja, na gari likapakiwa usiku huo huo.